Ukisimamishwa na polisi Marekani: mikono, maneno na makaratasi

Mwongozo huu ni wa dereva anayezungumza Kiswahili na anayeishi Marekani, awe ametoka Uvira, Mwanza au Mombasa. Mambo mengi yanayomponza mgeni barabarani kule ni tabia ambazo nyumbani zingeitwa adabu: kushuka garini kumfuata askari, kumweleza hali yako kwa tabasamu, kuitikia "ndiyo" ili mazungumzo yaende vizuri. Kando ya barabara ya Marekani kazi yako ni mbili tu. Ya kwanza ni kuondoka pale mzima. Ya pili ni kutompa askari neno au ruhusa itakayokurudia mahakamani. Malalamiko yote, hata kama umeonewa waziwazi, yanasubiri kesho.

Kabla hujawasha gari

Weka leseni, kadi ya gari na karatasi ya bima ndani ya bahasha ya plastiki inayoonyesha, uibane kwenye kikinga jua juu ya kioo cha mbele. Usiziweke kwenye droo iliyo mbele ya kiti cha abiria. Mkono unaozama kwenye droo hiyo, au chini ya kiti, ndio askari wa Marekani hufundishwa kuuogopa kuliko kitu kingine chochote, kwa sababu katika nchi ile silaha ziko kila mahali.

Kagua vitu vidogo: taa ya breki iliyoungua, stika ya usajili iliyopitwa na wakati, pleti iliyofunikwa na matope, tasbihi au rozari inayoning'inia kwenye kioo cha ndani. Tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu katika kesi ya Whren mwaka 1996, kosa dogo lolote la barabarani linatosha kukusimamisha, hata kama nia halisi ya askari ni kukuchunguza kwa jambo lingine. Hapo ndipo rangi ya ngozi inapopata mlango. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walichambua rekodi za karibu magari milioni 100 yaliyosimamishwa, wakaona sehemu ya madereva weusi kati ya waliosimamishwa hupungua giza likiingia, yaani pale ambapo ni vigumu kuona sura ya dereva. Waliona pia kwamba magari ya weusi hupekuliwa kwa dalili hafifu zaidi kuliko ya weupe.

Wapo wahamiaji wanaojipa moyo kwamba wao ni Waafrika halisi na ugomvi huo ni wa wenyeji. Askari aliye nyuma ya gari lako hajui ulizaliwa Bukavu. Lafudhi yako ataisikia baada ya kioo kushushwa, na ikifika hapo inaweza kukuongezea mashaka badala ya kukupunguzia. Wala usilegee kwa kuona askari ni mweusi mwenzako: askari watano walioshtakiwa kwa kumpiga Tyre Nichols, dereva mweusi, huko Memphis, Januari 2023, kipigo kilichomuua, wote walikuwa weusi.

Pleti itazame mara mbili, hasa ukiwa umenunua gari mkononi mwa mtu. Patrick Lyoya, mkimbizi wa Congo mwenye miaka 26, alisimamishwa Grand Rapids, Michigan, tarehe 4 Aprili 2022. Askari alimwambia pleti si ya gari lile. Lyoya alikuwa ameshashuka garini. Aliambiwa arudi ndani, ukafuata mvutano, akakimbia hatua chache, na mwisho wake akapigwa risasi kisogoni akiwa amelala kifudifudi chini ya askari. Askari alishtakiwa kwa mauaji. Mwaka 2025 wazee wa baraza walishindwa kukubaliana, na mwendesha mashtaka akaamua kutoirudia kesi. Kushuka garini si kosa linalostahili kifo popote duniani. Lakini kule ndicho kitendo kinachogeuza suala la pleti kuwa suala la hofu.

Baadhi ya maeneo yamepunguza visingizio hivi. Virginia tangu Machi 2021, na jiji la Philadelphia tangu Machi 2022, yamezuia polisi kusimamisha gari kwa sababu ya baadhi ya makosa madogo peke yake. Sheria za aina hii zimepita zaidi pale Wademokrat walipokuwa na wingi. Ukivuka mpaka wa jimbo, kosa lile lile linarudi kuwa kosa.

Jambo moja zaidi la maandalizi, nalo ni la jamii zetu hasa: fedha taslimu. Dola elfu nane za mchango wa msiba ndani ya mfuko wa nailoni zinaweza kuchukuliwa na polisi kwa madai kwamba zinahusiana na uhalifu, bila wewe kushtakiwa kwa lolote, na kuzirudisha kunahitaji wakili. Tuma kwa hundi au benki. Ikibidi kuzibeba, beba na orodha ya waliochanga. Miraa nayo, hasa ikiwa mbichi, ina kathinoni, ambayo sheria ya shirikisho, yaani ya serikali kuu ya Marekani, inaiweka kundi moja na heroini. Bangi inaruhusiwa katika majimbo kadhaa, lakini kwa sheria ya uhamiaji bado ni dawa haramu kwa mtu asiye raia, hata akiivutia Colorado.

Taa zikiwaka nyuma yako

Washa indiketa ya kulia mara moja, punguza mwendo, sogea kando. Kama pana giza au ni daraja jembamba, washa taa za tahadhari na uende polepole hadi kwenye mwanga, kwa mfano kituo cha mafuta cha karibu. Gari linalokufuata likiwa halina alama za polisi, piga 911 uulize kama ni askari kweli, na usikate simu hadi ujibiwe.

Ukishasimama, zima injini, shusha kioo chako chote, na usiku washa taa ya ndani. Mikono yote miwili juu ya usukani, vidole vimekunjuliwa. Abiria waweke yao juu ya dashibodi au magotini, simu zikiwa chini. Usifungue mkanda, ukiufungua mapema, mkono wako utaonekana ukishuka kiunoni, na askari anaweza pia kukuandikia faini ya kutofunga mkanda. Usishuke. Usiinuke kutafuta leseni kabla hajaiomba. Usinyooshe mkono kumsalimia, wala usiguse beji ya askari, kamera yake au kiwiko chake unapoeleza jambo, kama tunavyofanya tukizungumza.

Akiomba leseni, sema kwanza ilipo, kisha omba ruhusa ya kusogeza mkono: "It is in my back pocket. May I reach for it?" Subiri ajibu. Sogeza mkono mmoja, taratibu, mwingine ubaki usukani. Ukiwa na bunduki yenye kibali, taja mikono ikiwa imetulia, na usiisogelee kabisa. Philando Castile alikuwa na kibali na alimwambia askari kwamba ana bunduki, Falcon Heights, Minnesota, Julai 2016. Alipigwa risasi sekunde chache baadaye akijaribu kutoa kitambulisho. Askari aliachiwa huru na mahakama.

Akikuamuru ushuke, shuka. Tangu 1977 Mahakama ya Juu inamruhusu kumtoa dereva garini bila sababu ya ziada, na tangu 1997 abiria pia. Hakuna cha kubishania hapo.

Na usitoe pesa. Hata noti ya dola ishirini iliyokunjwa ndani ya leseni, hata neno la mzaha kuhusu chai, ni jinai yenye kifungo, na kamera ya kifuani mwake imekwisha kurekodi.

Maneno

Mtego mkubwa kuliko yote uko kwenye sarufi, nao hausemwi sana. Kwa Kiswahili, mtu akiuliza "Huna silaha?" unajibu "Ndiyo, sina." Kwa Kiingereza, askari akiuliza "You don't have any weapons?" nawe ukajibu "Yes", anasikia kwamba unayo. Swali la "Do you mind if I look in the car?" ni baya zaidi: "No" yako inaweza kuchukuliwa kuwa ni ruhusa, na "Yes" yako ikaleta mkanganyiko. Dawa yake ni kutojibu kwa neno moja. Jibu kwa sentensi nzima: "I do not have a weapon." "I do not consent to a search." Zikariri hadi zitoke bila kufikiri, kwa sauti ya kawaida.

Askari halazimiki kukuambia kwamba una haki ya kukataa upekuzi. Akikuomba ruhusa, mara nyingi maana yake ni kwamba hana sababu ya kisheria inayomtosha bila hiyo ruhusa. Kataa kwa maneno, kamwe usikatae kwa mwili. Akiendelea kupekua, usimzuie, usisimame mlangoni; rudia kwamba hukubali, kamera isikie. Upekuzi usio halali hupiganiwa na wakili mbele ya jaji, na kitu kilichopatikana kinaweza kutupwa nje ya ushahidi. Ukiwa umeshasema "sawa", wakili hana cha kushika. Simu ni vilevile: tangu 2014 kuipekua kunahitaji hati ya mahakama, kwa hiyo usiifungue ili "kuonyesha kwamba huna kitu". Ifunge kwa namba ya siri badala ya uso au kidole.

"Unajua kwa nini nimekusimamisha?" ni swali la kukuvuna. Ukijibu kwamba ulikuwa unakimbiza gari kidogo, umekiri. Sema hujui. California, tangu Januari 2024, sheria inamtaka askari aseme sababu kabla ya kuanza kuuliza maswali ya uchunguzi. Kwingine usitegemee hilo.

Kunyamaza ni haki, lakini ni haki inayotamkwa. Mwaka 2013 Mahakama ya Juu ilikubali kwamba ukimya wa mtu ambaye hajakamatwa, na ambaye hakusema kwamba anatumia haki yake, unaweza kutumiwa dhidi yake. Basi tamka: "I want to remain silent. I want a lawyer." Baada ya hapo nyamaza kweli. Wengi huharibu dakika tano baadaye, askari anapoanza porojo za mpira au za familia.

Jambo lililohusu kosa la barabarani likiisha, uliza: "Am I free to go?" Kwa uamuzi wa Rodriguez wa 2015, askari hawezi kukuchelewesha kumsubiri mbwa wa kunusa kama hana shaka ya msingi. Ukibaki pale bila kuuliza, wakipiga soga nawe, upande wa pili utadai ulibaki kwa hiari yako.

Ukipewa karatasi ya faini, tia saini. Saini si kukiri. Ni ahadi ya kulipa au kufika mahakamani, na katika majimbo kadhaa kuikataa kunaweza kukupeleka rumande. Kwa upande wa pombe, kikomo ni asilimia 0.08 kwenye damu, Utah 0.05, na 0.04 kwa anayeendesha gari la biashara. Kukataa kipimo cha pumzi baada ya kukamatwa humaanisha leseni kusimamishwa.

Usidanganye jina wala uraia. Kudai kwamba wewe ni raia wa Marekani wakati si kweli kunaweza kukufungia njia ya makaratasi maisha yako yote. Hili linawapata watu mahali pasipotarajiwa: kwenye ofisi ya leseni. Tangu sheria ya 1993, karani huko huuliza kama unataka kuandikishwa kupiga kura. Asiye raia akiweka alama ya ndiyo kwa kudhani ni sehemu ya fomu, amejitengenezea kesi ya uhamiaji. Mwenye kadi ya kijani aliyetimiza miaka 18 anatakiwa kutembea nayo.

Madereva wa malori

Hapa siasa za vyama zimeshuka moja kwa moja hadi kwenye mizani. Mwongozo wa shirikisho wa 2016 ulilegeza adhabu ya dereva asiyejua Kiingereza. Amri ya Rais Trump ya Aprili 2025 iliirudisha, na tangu tarehe 25 Juni 2025 dereva anayeshindwa husimamishwa kazi palepale, lori likibaki hapo hapo. Ukaguzi huanza kwa mahojiano ya Kiingereza, bila mkalimani, bila programu ya simu, bila kadi za maneno. Ukifaulu, unaulizwa alama za barabarani. Fanya mazoezi ya mambo haya, kwa sauti, na mtu mwingine akiuliza kwa haraka: umetoka wapi, unakwenda wapi, umebeba nini, umeendesha saa ngapi leo, karatasi za mzigo ziko wapi. Wengi wanaoanguka wanajua maneno. Kinachowaangusha ni kuulizwa kwa lafudhi ya Texas kioo kikiwa nusu na injini inanguruma. Zima injini.

Ni polisi gani huyu?

Marekani haina jeshi moja la polisi. Kuna vyombo takriban 18,000, na kila kimoja kina bwana wake. Soma mlango wa gari. Polisi wa jiji wako chini ya mkuu anayeteuliwa, kwa kawaida na meya au meneja wa jiji. Sherifu wa kaunti, katika majimbo mengi, huchaguliwa kwa kura, mara nyingi kwa tiketi ya chama. Askari wa barabara kuu ni wa jimbo. Mwendesha mashtaka wa kaunti naye huchaguliwa karibu kila mahali, ila Alaska, Connecticut na New Jersey. Yeye ndiye anayeamua kama kosa lako litafunguliwa kesi, na kama askari aliyekuumiza atashtakiwa.

Kwa asiye raia, jina la kwenye mlango lina uzito mwingine. Sheria ya 1996 inaruhusu polisi wa mitaa kuingia mkataba na idara ya uhamiaji wa kuisaidia kazi zake. Florida inawalazimisha kisheria wanaoendesha jela za kaunti kuingia mkataba huo. Illinois inaupiga marufuku. Lakini usidanganyike na sifa ya jimbo "rafiki": ukikamatwa popote na kuchukuliwa alama za vidole, alama hizo zinafika shirikisho, na uhamiaji huziona. Ndiyo maana faini inayoishia kwa karatasi ni bora mara mia kuliko ubishi unaoishia kwa pingu.

Washington imebadili mwelekeo kila Ikulu ilipobadili chama. Muswada wa kurekebisha polisi, uliopewa jina la George Floyd, mtu mweusi aliyeuawa na askari Minneapolis mwaka 2020, ulipita Baraza la Wawakilishi Machi 2021 kwa kura 220 dhidi ya 212, ukakwama Seneti. Mei 2025 Wizara ya Sheria ilijiondoa kwenye makubaliano ya kusimamia polisi wa Minneapolis na Louisville, ingawa Minneapolis bado inabanwa na makubaliano yake na jimbo la Minnesota. Kwa hiyo raia anayetaka kubadili namna anavyosimamishwa asisubiri uchaguzi wa rais. Aangalie kura ya sherifu na mwendesha mashtaka, na aende kwenye kura ya mchujo. Katika kaunti ambako chama kimoja kimetawala miaka yote, mshindi hupatikana hapo, na wapiga kura huwa wachache kiasi kwamba waumini wa kanisa moja au msikiti mmoja wanahesabika.

Ukionewa

Siku hiyohiyo, kabla ya kulala, andika: saa, barabara, namba ya gari la polisi, namba ya beji, maneno yaliyosemwa na kwa mpangilio gani, majina ya walioshuhudia. Piga picha michubuko leo, na tena baada ya siku mbili, maana huiva. Nenda hospitali hata kama maumivu ni madogo. Karatasi ya daktari ni shahidi asiyebadili maneno. Anayekupigia picha ya video akae mbali na asikatize kazi yao. Florida, tangu Januari 2025, ukishaonywa unaweza kushtakiwa kwa kukaribia ndani ya futi 25, kama mita saba na nusu, kwa nia ya kuwaingilia au kuwasumbua.

Omba video ya kamera ya kifuani mara moja, kwa barua. Minnesota na Texas zinataka ihifadhiwe angalau siku 90, California angalau siku 60, kisha inaweza kufutwa. Ohio, tangu 2025, ofisi inaweza kukutoza hadi dola 75 kwa saa ya video, isizidi dola 750.

Kama una kesi ya jinai inayoendelea, usipeleke malalamiko kabla ya kuonana na wakili. Utakachoandika humo kinaweza kusomwa mbele ya jaji. Kosa linaloweza kukufunga, na huna pesa, utapewa wakili na serikali. Mwambie mapema kwamba wewe si raia: tangu 2010 analazimika kukueleza kama kukiri kutaleta kufukuzwa nchini. Watu wengi wamekubali "kosa dogo" lililofuatiwa na barua ya uhamiaji.

Kumshtaki askari kwa kuvunja haki zako hutumia sheria ya shirikisho ya 1871, lakini muda hutegemea jimbo: mwaka mmoja tu Tennessee na Kentucky, miwili Texas, Ohio na California, mitatu Michigan na New York. Madai dhidi ya jiji kwa sheria ya jimbo huwa na muda mfupi zaidi. New York ni siku 90 kutoa taarifa, California miezi sita. Mawakili wengi wa kesi hizi hawachukui malipo mwanzoni, huchukua karibu theluthi ya kitakachopatikana. Kikwazo chao kikubwa ni kinga ya kimahakama inayomlinda askari asiyevunja haki "iliyo wazi" kwa maamuzi yaliyotangulia. Colorado tangu 2020 na New Mexico tangu 2021 zinakuruhusu kushtaki kwa sheria ya jimbo bila kinga hiyo.

Na siku ya mahakama omba mkalimani kwa maandishi, mapema, si asubuhi ile. Amri ya rais ya mwaka 2000 iliyosisitiza huduma za lugha ilifutwa Machi 2025, ila sheria ya haki za kiraia ya 1964 bado ipo na mahakama nyingi zina utaratibu wao. Kwenye fomu usiandike "Swahili" peke yake. Andika Kiswahili cha Congo au cha Tanzania, kwa sababu mkalimani wa Unguja na shahidi wa Goma wanaweza kutumia neno moja kwa maana mbili. Akiletwa wa Kinyarwanda au Lingala kwa kudhani Waafrika wote mnaelewana, mwambie jaji kabla hujala kiapo. Usikubali mwanao akutafsirie.